Moyo Uendao Polepole na Mbio Zake za Hatari

Wahenga wetu walisema kwamba polepole ndio mwendo. Methali hii ni kweli kwa msafiri wa mbali, kwa fundi wa kazi na kwa mwanafunzi anayejifunza hesabu. Lakini katika mwili wa mwanadamu kuna kiungo kimoja ambacho polepole yake, ikipita kiasi na ikitokana na ugonjwa, si mwendo bali ni mtego. Kiungo hicho ni moyo. Moyo uliozuiliwa ukaenda polepole mno waweza kusimama. Na jambo la ajabu zaidi ni kwamba waweza pia kuanza ghafula mbio za wazimu zisizosukuma hata tone la damu. Matabibu walipata kulielewa jambo hili la pili baada ya kuhangaika kwa zaidi ya karne moja. Insha hii yataka kusimulia jinsi walivyolielewa, na kwa nini ujuzi huo umeokoa maisha ya watu wengi.

Kwanza yatupasa tufahamu kazi ya moyo wenyewe. Moyo una vyumba vinne, viwili juu na viwili chini. Vyumba vya juu hupokea damu, na vya chini huisukuma; cha kulia huipeleka mapafuni, na cha kushoto huieneza mwilini kote. Ili kazi iende sawa, vyumba vya juu hujikaza kwanza, navyo vya chini hufuata. Amri ya kujikaza ni cheche ndogo ya umeme izaliwayo katika kifundo kilichoko katika chumba cha juu cha kulia. Cheche hiyo huenea katika vyumba vya juu mpaka ikafika kwenye kifundo cha pili, kilichoko mpakani. Hapo hukawizwa kidogo, kiasi cha sehemu moja ya kumi ya sekunde, ili vyumba vya chini vipate kujaa damu. Kisha hushuka kwa njia moja nyembamba na kutawanyika katika vyumba vya chini. Katika moyo wa kawaida hakuna njia nyingine, kwa kuwa baina ya vyumba vya juu na vya chini pana utando usiopitisha umeme. Cheche ni kama tarishi mwenye barua ya mfalme, na njia ile ni kama kivuko cha pekee katika mto mpana.

Basi kivuko hicho kikiharibika, hutokea ugonjwa uitwao kizuizi cha moyo. Ugonjwa huu una daraja tatu. Katika daraja ya kwanza tarishi huchelewa, lakini kila mmoja hufika. Aghalabu mgonjwa hajui lolote wala hadhuriki. Katika daraja ya pili matarishi wengine hufika na wengine hupotea njiani. Daraja hii nayo ina sura mbili. Katika sura ya kwanza, iliyoelezwa na tabibu Wenckebach mwaka wa 1899, ucheleweshaji huongezeka pigo kwa pigo mpaka pigo moja likakosekana. Hiyo mara nyingi si ya kutisha. Katika sura nyingine, iliyopambanuliwa na Mobitz mwaka wa 1924, pigo hukosekana bila ya onyo lolote. Hiyo ni ya kuogopwa, kwa kuwa kivuko chaweza kukatika kabisa wakati wowote. Daraja ya tatu ndiyo kukatika kabisa. Hakuna tarishi avukaye. Vyumba vya juu hupiga kwa hesabu yao, na vya chini, vikiisha kukosa amri, hujitwalia uongozi vyenyewe na kupiga polepole, aghalabu mara 20 mpaka 40 kwa dakika, badala ya mara 60 mpaka 100 zilizo desturi ya mtu mzima aliyetulia.

Watu wa zamani waliyaona matokeo ya ugonjwa huu bila ya kuijua sababu yake. Waliona mtu akitembea au akizungumza, mara akageuka rangi, akaanguka, akatetemeka viungo, kisha baada ya muda mfupi akaamka kana kwamba hakuna lililotokea. Waliita hali hiyo kifafa. Mtaliano Morgagni, mwalimu wa utabibu wa mji wa Padua, aliandika katika kitabu chake kikubwa cha mwaka wa 1761 habari za wagonjwa wa namna hiyo, naye akatambua kwamba mapigo yao yalikuwa machache kupita kiasi. Hata hivyo watu wengi waliendelea kuamini kwamba makosa yalikuwa katika ubongo.

Aliyeipinga imani hiyo kwa nguvu alikuwa Robert Adams, tabibu wa Dublin katika Ireland. Mwaka wa 1827 alieleza habari za mzee wa miaka 68, mtumishi wa idara ya kodi, aliyekuwa akianguka mara kwa mara na ambaye mapigo yake yalikuwa ya polepole sana. Adams alisema kwamba asili ya maanguko yale haikuwa kichwani bali moyoni. Ubongo ulizimia kwa sababu moyo haukuupelekea damu. Baada yake William Stokes, tabibu wa mji ule ule, aliandika mwaka wa 1846 juu ya wagonjwa wengine wa jinsi hiyo. Stokes alikuwa na jicho kali. Aliitazama mishipa ya shingo ya mgonjwa mmoja, akaona kwamba ilikuwa ikirukaruka mara nyingi zaidi kuliko mapigo ya moyo aliyoyahesabu. Leo twajua alichokuwa akikiona: vyumba vya juu vilikuwa vikipiga kwa hesabu yao, navyo vya chini kwa hesabu nyingine. Kwa heshima ya watu hawa wawili, maanguko hayo yangali yakiitwa kwa majina yao mpaka leo.

Baada ya hapo wataalamu waliitafuta njia yenyewe. Walter Gaskell wa Cambridge, katika miaka ya 1880, aliichunguza mioyo ya kobe. Alipoibana au kuikata nyama iliyounganisha vyumba vya juu na vya chini, aliona mapigo yakikawia, kisha yakipungua, na mwisho yakizuiliwa kabisa. Naye ndiye aliyeliingiza neno la kizuizi katika elimu ya moyo. Mwaka wa 1893 Wilhelm His wa Leipzig aliukuta uzi wa nyama upitao mpakani. Mwaka wa 1906 Mjapani Sunao Tawara, aliyekuwa akisoma katika mji wa Marburg huko Ujerumani, alikieleza kifundo cha mpakani na matawi yote ya njia ile. Mwaka uliofuata Waingereza Arthur Keith na Martin Flack walikigundua kifundo cha juu ambamo cheche huzaliwa. Hivyo ramani ya njia ikakamilika.

Lakini ramani ya njia si habari ya safari. Swali kubwa lilikuwa bado halijajibiwa: katika dakika ile ile ambayo mgonjwa huanguka, moyo wake hufanya nini? Karibu watu wote walidhani kwamba jibu li wazi. Moyo ulikuwa ukienda polepole. Bila shaka ulizidi kuwa wa polepole hata ukasimama. Dhana hiyo ilikubaliana na akili, na mara nyingi ilikuwa kweli. Lakini haikuwa kweli yote.

Chombo cha kuitafuta kweli hiyo kilitengenezwa na Willem Einthoven wa mji wa Leiden katika Uholanzi, aliyetangaza mwanzoni mwa karne ya ishirini mashine ya kuchora umeme wa moyo. Ilikuwa mashine kubwa iliyohitaji watu 5 kuiendesha, na mgonjwa aliketi mikono yake na mguu mmoja vimetiwa katika vyombo vya maji ya chumvi. Mwaka wa 1924 Einthoven alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Kwa mara ya kwanza tabibu aliweza kuona katika karatasi mstari wa moyo wa mtu aliye hai, na akitokea kuwapo wakati wa kuanguka, aliweza kuona jambo lililotukia hasa.

Mwaka wa 1941 matabibu watatu wa London, Parkinson, Papp na Evans, walikusanya michoro ya moyo iliyochukuliwa wakati wa maanguko yenyewe. Katika michoro mingine mstari ulinyooka kama uzi uliovutwa. Vyumba vya chini vilikuwa vimesimama. Lakini katika mingine mstari ulikuwa umechafuka kama bahari ya masika. Vyumba vya chini havikusimama. Vilikuwa vikienda mbio zisizo na mpango, au vikipapatika kama samaki aliyetolewa majini. Moyo upapatikao namna hiyo hauna pigo, na mkono uwekwao juu ya mshipa hausikii kitu. Ndiyo sababu kwa macho na vidole tu mtu hakuweza kupambanua kimya na ghasia: mgonjwa alianguka namna moja, alipauka namna moja, na alikufa namna moja. Kwa hiyo maadui walikuwa wawili, na wote wawili walijificha nyuma ya mapigo yale yale ya polepole.

Ujuzi huo uliwatia matabibu katika shida kubwa. Walikuwa na dawa za kuuamsha moyo uliolegea, lakini dawa hizo zikitiwa kwa wingi zaweza kuchochea mpapatiko. Walikuwa pia na dawa za kutuliza mbio za moyo, lakini dawa hizo zaweza kuyazima hata yale mapigo machache ya chini yaliyokuwa yakimweka mgonjwa hai. Tabibu alikuwa kama msafiri aliyekutana na mto wenye mamba mbele yake, na nyuma yake simba. Asipotenda, mgonjwa hufa. Akitenda kwa kukisia, huenda akawa yeye mwenyewe chanzo cha kifo.

Njia ya kutokea ilipatikana kwa umeme. Mwaka wa 1952 Paul Zoll wa Boston, katika Marekani, alionyesha kwamba moyo uliozuiliwa waweza kuamriwa kupiga kwa mikupuo ya umeme iliyopitishwa kifuani juu ya ngozi. Njia hiyo iliumiza sana, na ngozi iliungua, lakini iliokoa. Tena ikafundisha jambo ambalo si wengi walilitarajia. Wagonjwa ambao moyo wao ulikuwa ukipapatika mara kwa mara, walipoongozwa kwa umeme ili mapigo yao yawe mengi zaidi, mpapatiko ulikoma kurudi. Yaani mbio za wazimu hazikuzuiliwa kwa kuupunguza mwendo wa moyo, bali kwa kuuongeza.

Katika miaka hiyo hiyo haja ya chombo cha namna hiyo ilizidi. Katika mji wa Minneapolis, Walton Lillehei alikuwa akiwapasua watoto waliozaliwa na tundu baina ya vyumba vya moyo, na kuliziba tundu hilo kwa nyuzi. Kwa bahati mbaya, mara nyingine uzi ulipita juu ya ile njia nyembamba, na mtoto aliyepona tundu akapata kizuizi kamili. Tangu mwaka wa 1957 Lillehei alishona waya katika nyama ya moyo na kuuunga na mashine iliyotumia umeme wa ukutani. Lakini tarehe 31 Oktoba 1957 umeme ulikatika mjini, na kila mtu akaona hatari ya kuutegemeza uhai wa mtoto juu ya waya wa ukutani. Lillehei alimwomba fundi Earl Bakken amtengenezee kitu bora zaidi, na baada ya wiki chache Bakken alileta kisanduku kidogo cha betri ambacho mtoto aliweza kukichukua mwilini mwake.

Hatua iliyofuata ilikuwa kukiingiza kisanduku ndani ya mwili. Katika mji wa Stockholm, huko Uswidi, aliishi Arne Larsson, mtu wa miaka 43, ambaye kizuizi kamili cha moyo kilimwangusha zaidi ya mara 20 kwa siku. Mkewe, Else-Marie, hakukubali kukaa na kungoja msiba. Aliwaendea daktari mpasuaji Åke Senning na mhandisi Rune Elmqvist, akawasihi wampatie mumewe chombo cha kutiwa mwilini. Waliposema kwamba chombo kama hicho bado hakijatengenezwa, aliwaambia wakitengeneze. Elmqvist alikiunda, akakimwagia utomvu wa kufunika katika kikopo cha dawa ya viatu ili kipate umbo. Tarehe 8 Oktoba 1958 Senning alimpasua Larsson. Chombo cha kwanza kilifanya kazi kwa muda wa saa chache tu, na cha pili kikatiwa mahali pake. Katika maisha yake Larsson alibadilishiwa vyombo zaidi ya 20. Lakini aliishi mpaka mwaka wa 2001, akafariki akiwa na miaka 86, baada ya Elmqvist na Senning wote wawili kutangulia. Yafaa tukumbuke kwamba historia hii haikuandikwa na wataalamu peke yao. Iliandikwa pia na mwanamke mmoja aliyekataa kukata tamaa.

Hata hivyo palibaki fumbo. Kwa nini moyo wa polepole uanze mbio? Mwaka wa 1966 tabibu wa Paris aitwaye François Dessertenne alichapisha michoro ya bibi mmoja wa miaka 80 aliyekuwa na kizuizi cha moyo na maradhi ya kuzimia. Dessertenne aliona kwamba bibi huyo alizimia wakati ambapo moyo haukusimama kamwe. Ulikuwa ukienda mbio za ajabu, na ncha za mstari katika mchoro zilijipinda, mara zikitazama juu, mara zikitazama chini, kama kamba isokotwayo. Aliyapa mapigo hayo jina la Kifaransa lenye maana ya msokoto wa ncha. Msokoto huo mara nyingine hukoma wenyewe, na mgonjwa akaamka; mara nyingine hugeuka kuwa mpapatiko, na hapo mgonjwa haamki tena isipokuwa apate msaada upesi.

Sababu yake imeelezwa vizuri tangu wakati huo. Kila baada ya pigo, nyama ya moyo huhitaji muda wa kurudisha umeme wake mahali pake, kama upinde unaovutwa tena kabla ya mshale mwingine. Mapigo yakiwa machache na kimya kikiwa kirefu baina yao, muda huo wa kujirudi hurefuka, tena haurefuki sawasawa katika sehemu zote za nyama. Sehemu moja huwa tayari na nyingine bado. Katika hali hiyo cheche ya upotevu yaweza kuzuka kabla ya wakati wake, ikazunguka katika nyama isiyo na umoja, na moyo wote ukafuata uasi huo. Hatari huzidi kama damu imepungukiwa na madini ya potasiamu au magnesiamu, au kama mgonjwa anatumia dawa fulani zirefushazo muda wa kujirudi. Tena wanawake huipata zaidi kuliko wanaume.

Ushahidi mwingine ulitokea katika miaka ya 1990. Wakati huo matabibu walikuwa wakikiunguza kwa makusudi kifundo cha mpakani cha wagonjwa fulani ambao vyumba vyao vya juu vilikwenda mbio bila ya kutii dawa, kisha wakawatilia chombo cha kuongoza mapigo. Baadhi ya wagonjwa hao walikufa ghafula katika siku za kwanza. Ilionekana kwamba moyo uliozoea kwenda mbio, ulipopunguziwa mwendo kwa ghafula, ulikuwa katika hatari ya mapigo ya wazimu. Walipouongoza kwa mapigo kama 90 kwa dakika katika majuma ya mwanzo, kisha wakapunguza taratibu, vifo hivyo vilipungua sana. Mafundisho yalikuwa yale yale: ukimya mrefu ndio shamba ambamo ghasia huota.

Kwa hiyo leo tabibu amwonaye mgonjwa mwenye kizuizi kamili na mapigo ya msokoto hakimbilii dawa za kutuliza mbio. Huuharakisha moyo kwa umeme, humtilia magnesiamu mshipani, hurekebisha potasiamu, huondoa dawa zilizoleta madhara, na mwisho humwekea chombo cha kudumu. Lakini haifai tuseme kwamba chombo hicho ni dawa ya kila jambo. Moyo ambao nyama yake imejaa makovu waweza kuanza mbio hata kama mapigo yake hayakuwa machache. Mgonjwa wa namna hiyo huenda akahitaji chombo kingine chenye kutoa mshindo wa umeme, ambacho kilitiwa katika mwili wa mtu kwa mara ya kwanza huko Baltimore mwaka wa 1980.

Wala haifai msomaji aingiwe na hofu kwa kila pigo la polepole. Mkimbiaji hodari aliyezoea mazoezi, mapigo yake akiwa amepumzika huenda yakawa chini ya 50 kwa dakika, na hiyo ni dalili ya nguvu. Moyo wake wapiga polepole kwa kuwa watosheka; moyo uliozuiliwa wapiga polepole kwa kuwa amri haiufikii. Lakini mtu azimiaye ghafula bila ya sababu, na hasa azimiaye mara kwa mara, asiitwe mwenye kifafa au mwenye pepo kabla mapigo yake hayajahesabiwa na mchoro wa moyo wake haujatazamwa. Kuhesabu mapigo ya mkononi kwa dakika nzima ni kazi ambayo hata mwanafunzi aweza kuifanya, nayo haihitaji mashine.

Turudi kwenye methali yetu. Wahenga hawakukosea, polepole ni mwendo, maadamu ni mwendo. Polepole ya mwenye kivuko kizima ni busara. Polepole ya aliyekatiwa kivuko ni kilio cha kuomba msaada. Kwa zaidi ya miaka mia moja wenye elimu walikisikia kilio hicho wakadhani ni kimya tu, na wengi walikufa wakati wao wakidhani. Walipokubali kutazama tena jambo walilodhani wamekwisha kulijua, ndipo walipoona kwamba ndani ya kimya mlikuwa na tufani, na kwamba dawa ya tufani hiyo ilikuwa kuukumbusha moyo mwendo wake.